Saa Kumi Inajiwasha Yenyewe

Imewaka, Dada! Imewaka, na aliyeiwasha ni mwanangu mwenyewe, kwa vidole vile vile nilivyokuwa nikivichapa kwa kuchokonoa redio! Kompyuta nzima kaiunga kipande kwa kipande juu ya meza yangu ya kukandia unga, na ilipowaka nilipiga kigelegele mpaka jirani akaja mbio akidhani nimepata mkwe.

Jumatatu, tarehe 4

Haya, sasa salamu. U hali gani Dada yangu, na Shemeji hajambo? Sisi wazima, ila furaha imenipandisha presha. Ningekupigia simu, lakini tangu masikio yako yagome, kukupigia ni sawa na kuupigia ukuta, na ukuta angalau hauulizi "nani mwenzangu?" kila dakika. Ujumbe wa simu nao siuwezi, vidole vyangu vinene, nikigusa herufi moja zinakuja tatu. Kwa hiyo barua hii anakuletea dereva wa lori la unga, na usimwache aondoke bila jibu.

Unajua mwanao Bisibisi alivyo. Jina hilo tulimpa kwa utani, sasa limekuwa sifa. Amekwenda kwenye ile ofisi ya wachora ramani za majumba, mkuu wao akamwambia, "Binti, michoro yako mizuri, lakini mimi sitaki picha iliyolala. Niletee jengo letu jipya likitembea kwenye skrini, mtu aone anaingia mlangoni, anapanda ngazi, jua linapita dirishani. Ukiniletea kabla ya mwisho wa mwezi, kiti ni chako." Dada, kiti! Kiti cha kuzunguka! Mimi nimeshawaambia wateja wangu wote wa mikate, na wengine ambao si wateja.

Sasa kazi ya namna hiyo inataka kompyuta yenye nguvu za fahali, na mpya hatuiwezi. Basi mwanangu akawa anaokota: kasha kutoka huku, pawa ya kuipa umeme kutoka kule. Kilichobaki ni mazabodi, ule ubao mpana ambao kila kitu huchomekwa juu yake, na bila huo vingine vyote ni vyuma tu. Tukaupata kwenye kibanda cha muuza vikuukuu. Nilikwenda naye, maana ana aibu ya kubishana bei, mimi sina. Yule mzee akaupuliza vumbi akasema, "Ubao huu mwenyewe aliupenda. Tazameni, hakuna pini iliyopinda. Na usifute mipangilio aliyoiacha, aliyeipanga alijua anachofanya." Nikamjibu, "Na anayeununua naye anajua anachofanya." Akacheka, akapunguza.

Ungemwona anavyoufunga, Dada. Ile prosesa, ambayo ndiyo akili yenyewe, aliishika pembeni kama mtu anayeshika kipepeo. Juu yake akaweka dawa nyeupe kama dawa ya meno, tone moja tu. Nikamwambia ongeza, unamnyima nani? Akanitazama, nikaenda kuchungulia tanuri. Alipobonyeza mara ya kwanza, kimya. Lakini kwenye kona ya ubao kuna kidirisha kidogo chenye tarakimu mbili nyekundu, zikawa zinabadilika, naye anazisoma kama nesi anayesoma kipimajoto. "Ni rami, Mama, hiki kijiti cha kumbukumbu, haijaingia vizuri." Akaikandamiza mpaka ikalia ta! Akabonyeza tena, ikawaka.

Kwa sasa anaisukuma. Kumbe kuna namna ya kuiamuru ikimbie kuliko ilivyopangiwa kiwandani. Anapandisha kidogo, anangoja, anapima joto, anapandisha tena, kama mtu anayeonja chumvi. Ikizidi inaganda au inajizima. Lakini ataiweza, mtoto wangu hashindwi.

Jambo moja dogo. Leo nikiwa natoa mikate ya alasiri kwenye tanuri, Bisibisi hayupo, nikasikia vuum chumbani kwake. Kwenda kutazama, imewaka yenyewe. Tarakimu nyekundu hizo, feni hizo zinazunguka. Alivyorudi akasema nimeigusa na kitambaa cha vumbi. Dada, sikuwa na kitambaa.

Mdogo wako mwenye raha,
Mama wa Fundi


Ijumaa, tarehe 8

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaisoma tena nimekaa. Mpe mwanetu hongera. Mwambie Mama Mkubwa amefurahi, hata kama barua hii haionekani hivyo.

Nataka unijibu haya, na usiniulize kwa nini. Ilikuwa saa ngapi ilipojiwasha? Imejiwasha tena? Zile tarakimu nyekundu, ziko kona ya chini au ya juu? Kuna skrubu moja isiyofanana na wenzake? Na yule mzee wa kibanda, aliupata wapi ubao huo, kwa nani?

Dereva amesimama mlangoni ananiangalia. Shemeji yako anakusalimu. Kwa kweli hajasema kitu, ila angekuwa nyumbani angekusalimu.

Dada yako


Jumanne, tarehe 12

Dada,

Nimeipata barua yako na sitakuficha, imeniuma. Nimekuandikia kurasa za furaha, wewe umenijibu kama askari wa kituoni. Ilikuwa saa ngapi, aliupata wapi, kwa nani! Unadhani mwanangu ananunua mali ya wizi? Mimi nilikuwepo, mimi niliyepatana bei, na yule mzee namjua tangu alipokuwa anauza taa za chemli. Alisema mzigo ule ulikuja kwa gari, vitu vya chumba kizima pamoja, aliyeleta hakutaka hata kushuka. Basi. Sikumhoji mtu zaidi ya hapo, mimi si mpelelezi.

Najua Dada kwamba mambo ya kompyuta yanakukumbusha marehemu mwanetu. Naye alikuwa fundi, nani asiyejua. Lakini nimekaa nikifikiri, je, nisimsifu wangu kwa sababu wako hayupo? Nimeandika sentensi hiyo nikataka kuifuta, lakini wino haufutiki. Isamehe.

Saa unazoniuliza ni saa kumi. Sasa umefurahi? Saa kumi za alasiri, kila siku, Bisibisi awepo asiwepo. Naye ananiambia ni mpangilio tu wa mwenyewe wa zamani, kwamba mtu anaweza kuiambia kompyuta iamke saa fulani kama unavyotega saa ya mezani. Nikamwuliza, basi mbona hujauondoa? Akasema, "Mama, sina muda, na hainisumbui." Yeye haimsumbui. Itamsumbuaje, saa hizo yuko kwenye meza ya mtu anajifunza michoro. Anayebaki nayo nyumbani ni mimi.

Mwanzo nilikuwa nacheka nayo. Ikiwaka naiambia, "Karibu, mikate bado." Lakini siku moja niliingia nikakaa kitandani niitazame inataka nini. Dada, haitaki kitu. Inawaka, feni zinazunguka polepole, taratibu sana, kama mtu anayepumua asimwamshe mwenzake. Skrini inakuwa nyeusi, halafu kwenye pembe kuna mstari mdogo mweupe unapepesa, unapepesa. Kama mtu aliyefika ukumbini akakuta wenyeji hawapo, akakaa kungoja. Na unajua kilichonitoa mle mbio? Nilijikuta nimegeuka naangalia mlango. Sikusikia hatua, sikusikia hodi. Niligeuka tu, kwa sababu kile chumba chote kilikuwa kinatazama mlangoni.

Tangu hapo, ikikaribia saa kumi nasahau hata tanuri. Jana nimeunguza mikate, mimi! Jirani yangu akasema niite mtu aje kuisomea. Nikamwambia kompyuta haisomewi, inasomwa. Tukacheka, lakini hakukubali kuingia ndani.

Na yenyewe bado inamgomea mwanangu. Akiipandisha mwendo inaganda katikati ya lile jengo, pale pale kwenye ngazi. Mwisho wa mwezi huo unakuja. Yule mzee wa kibanda sasa anamwambia aweke programu mpya ya ubao, aifute yote ianze upya kama imetoka kiwandani leo, huenda itatulia.

Basi leo nimeamua kumsaidia. Bisibisi alishaniambia kwamba ubao unakumbuka mambo yake kwa sababu ya kile kibetri kidogo cha duara, mfano wa sarafu. Nikasema kumbe dawa ni rahisi hivyo. Nimezima umeme ukutani, nimefungua kasha, nimekichokoa kwa ncha ya kisu. Na kwa kuwa kinafanana sawasawa na kile cha mzani wangu wa unga, uliokufa tangu mwezi jana, nimekitia humo. Mzani unafanya kazi vizuri kabisa.

Saa kumi imepita. Kimya. Nimeshinda mimi.

Ila kimya hiki, Dada, nacho sikipendi.

Mdogo wako,
Mama wa Fundi


Jumanne, tarehe 12

Mdogo wangu,

Sijasubiri jibu lako. Dereva amepita mikono mitupu, nimempa hii akuletee, maana siwezi kukaa nayo tena.

Uliandika kwamba iliwaka ukiwa unatoa mikate ya alasiri. Mikate yako ya alasiri hutoka saa kumi, nimekaa kwako nikala mingi ya moto, najua.

Mwanangu alikuwa anatoka kazini saa tisa na nusu. Alijenga kompyuta yake mwenyewe kama alivyofanya Bisibisi, akaipangia ijiwashe saa kumi, ili akifungua mlango aikute iko tayari inamngoja. Alikuwa anasema, "Mama, mimi sina mke wa kunipokea, acha hii inipokee." Anavua viatu, anaingia, mimi namletea chai. Kila siku. Nilikuwa naona mwanga wake mwekundu chini ya mlango kabla yeye hajaonekana barabarani, nami ndiyo naweka maji jikoni.

Siku ile gari la kazini lilipopinduka, mwanga uliwaka. Nikaweka maji.

Hilo sijapata kumwambia mtu. Maji yalichemka yakakauka, sufuria ikaungua, mwanga bado uko chini ya mlango, na watu wakaja kuniambia wakanikuta nasugua sufuria.

Na baada ya mazishi uliendelea. Saa kumi, kila siku. Watu walikuwa wananipa pole sebuleni, mimi nawatazama mdomo bila kuwasikia, na jicho langu liko kwenye ule mlango. Saa kumi nikawa naingia kukaa kwenye kiti chake. Siku ile ulipokuja kunichukua nije kupumzika kwako, ulidhani nalia kwa sababu naondoka nyumbani. Nilikuwa nalia kwa sababu saa kumi itafika nami sipo.

Niliporudi, chumba kilikuwa kimefagiliwa. Baba yake aliita gari akaondoa kila kitu, kitanda, meza, nguo, na hiyo. Akasema, "Nimekufanyia wepesi." Sikumjibu. Mpaka leo sijamjibu. Tunakula meza moja, nampakulia, namfulia, ila neno lile sijalijibu. Watu nimewaambia nimegawa sadaka.

Nilikwenda kwenye vibanda vya huku, vyote, nikiwaeleza kwa mikono, wao wananijibu nami sisikii, wananiandikia bei za vitu vingine. Sikufikiri ingefika kwenu.

Huenda si yenyewe. Kompyuta duniani ni nyingi na saa kumi ni ya watu wote. Lakini skrubu yake moja ilipotea, akaazima ya miwani yangu, ndogo, ya rangi ya dhahabu. Itazameni. Na hata kama si yenyewe, mpaka mjue, nakuomba kwa titi tulilonyonya mimi na wewe, msiifute. Msiiguse. Inisubiri.

Dada yako


Jumamosi, tarehe 16

Mama Mkubwa, shikamoo.

Ni mimi Bisibisi. Mama hawezi kuandika. Barua yako ilipofika alikuwa anapima unga. Aliisoma, akaweka mikono yote miwili juu ya mzani, akakaa hivyo. Tangu hapo ananiambia kitu kimoja tu, "Irudishe, mwanangu, irudishe kama ilivyokuwa." Mkate hajaoka. Barua zenu zilipishana njiani, kwa hiyo nadhani sasa umeshajua alichofanya na ile betri. Usimkasirikie. Nikimtazama naona hakuna utakachomwambia ambacho hajajiambia.

Skrubu ipo. Ya dhahabu, kona ya kushoto juu. Nilikuwa nadhani muuzaji ameitia kwa kukosa nyingine.

Nitakueleza kwa ufupi, na kwa kweli. Ubao ukitolewa betri unasahau mipangilio uliyokuwa ukifanya nayo kazi siku hiyo. Umesahau saa kumi. Nilipourudishia betri na kuuwasha, hata kalenda yake ilikuwa imerudi mwaka ulipotengenezwa. Nikahesabu. Mwaka huo Kaka alikuwa bado shuleni, alikuwa ananifundisha kupanda baiskeli nyumbani kwako. Nimekaa na tarehe hiyo kwenye skrini muda mrefu, sikutaka kuirekebisha.

Lakini Mama Mkubwa, si kila kitu kimekwenda. Ukurasa wa mipangilio, ule unaotokea kabla kompyuta haijawaka sawasawa, una sehemu ambapo mtu anaweza kuhifadhi mwendo anaoupenda na kuupa jina. Sehemu hiyo haitegemei betri. Humo kuna majina mawili. Niliyaona tangu siku ya kwanza, sikumwambia Mama kwa sababu alishaanza kuogopa, angeitupa nje. Nikadhani ni utani wa mtu nisiyemjua.

La kwanza limeandikwa MAMA YUPO. La pili, MAMA HAYUPO.

Nimeyafungua kuyasoma, sijayabadili. MAMA YUPO ni mwendo mdogo kabisa, feni zinazunguka taratibu, ikishavuma mara moja kuwaka, haisikiki tena hata ukiwa chumba kimoja nayo. Huo ndio tuliokuwa nao wakati wote, ndiyo maana ilikuwa inaganda nilipoisukuma, feni zilikuwa zimefungwa mikono. MAMA HAYUPO ni kitu kingine. Ameipandisha mpaka mahali mimi nisingethubutu, lakini kila namba imepangwa kwa subira, umeme hivi, joto hivi, feni zote wazi. Itakuwa inalia kama kinu cha kusaga. Mtu anapata hesabu ya namna ile baada ya kujaribu miezi. Kwenye mipangilio yote miwili, saa kumi imo.

Sasa nina jambo la kukuuliza, na nisingependa kuliuliza. Mzee wa kibanda amenipa programu mpya ya ubao. Nikiiweka, majina hayo mawili yatafutika na hayatarudi kwa njia yoyote. Anasema hiyo ndiyo njia salama ya kumaliza jengo langu. Njia nyingine ni kutumia MAMA HAYUPO, mwendo wa Kaka. Ubao ni wa zamani sasa. Unaweza kushika, unaweza kuungua, na ukiungua umekwenda na vyote. Njia ya tatu ni kuufungua wote, niufunge kwenye kitambaa, nikuletee, nami nimwambie mkuu wa ofisi nimeshindwa. Hiyo nayo naiweza. Viti viko vingi duniani.

Sitaiwasha tena mpaka useme wewe.

Mwanao


Jumanne, tarehe 19

Bisibisi mwanangu, marahaba.

Mwambie mama yako aoke mikate. Mwambie nimesoma ile sentensi aliyotaka kuifuta, nami naijibu: msifu wako. Sifia sana. Mimi nilikuwa na wangu nikamsifu kidogo nikiogopa kijicho cha watu, na haikumkinga.

Nikwambie habari ya hayo majina. Mwanzoni ile kompyuta ilikuwa inanguruma kweli, nikamgombeza. Nikamwambia, "Hii nyumba au gereji?" Akasema, "Yaishe, Mama." Baadaye ikawa kimya. Nikadhani ni masikio. Yalikuwa yameanza kuondoka wakati ule, nami nikaficha, nikawa natazama midomo na kucheka pale wengine wanapocheka. Sikutaka mwanangu ajue kwamba mama yake anazeeka. Kwa hiyo sikujua kama yeye ndiye aliyeinyamazisha au ni mimi niliyeacha kusikia. Miaka yote hiyo mtoto ameifunga mikono mashine yake kwa ajili ya masikio ambayo hayakuwepo. Angeweza kuiacha ingurume, nisingejua. Laiti ningemwambia, angeiacha ikimbie.

Barua yako nilimpa baba yako mkubwa aisome. Aliikunja vizuri akanirudishia. Lakini saa kumi ilipofika nilimwona anainuka, anaingia kile chumba kitupu, anafunga mlango. Nikaweka maji jikoni. Alipotoka nikampa chai, nikamwambia, "Keti." Ndilo neno la kwanza tangu lile lake la wepesi. Akaketi. Akaniambia, akitamka polepole ili niyaone maneno, kwamba naye alikuwa anauona ule mwanga, na kila ulipowaka alikuwa anatoka nje kwenda barabarani kumpokea, mpaka watu wakaanza kumtazama. Kumbe hakuuondoa kwa ajili yangu tu, na yeye pia.

Sasa jibu langu. Usiweke programu mpya. Na usiniletee ubao, kwangu utakuja kukaa kabatini, na mwanangu hakuujenga ukae kabatini. Tumia mwendo wake. Ukiungua, umeungua ukikimbia.

Ila nina ombi moja. Usiuwashe kabla sijafika. Nataka kuwekewa kiti hapo hapo karibu nao, niweke kiganja juu ya kasha, maana kwa masikio sitasikia kitu, lakini mkono wangu mzima. Nataka niuhisi unavyonguruma, ule mngurumo wote alioninyima kwa adabu. Mara moja tu uendeshwe kama mama hayupo, nami nipo.

Mama Mkubwa wako


Alhamisi, tarehe 21

Dada yangu mpenzi,

Kalamu imerudi mkononi kwangu. Bisibisi amenisomea barua yako kwa sauti, halafu nikaisoma mwenyewe, halafu nikaenda kuipiga pasi ile shuka yangu nyeupe ya wageni, maana nikikaa bure nalia. Jirani ameuliza kuna nini, nimemwambia anakuja dada yangu mkubwa kukagua kazi ya wanangu wawili. Akasema, "Wawili? Si unaye mmoja?" Nikamwambia hesabu ya nyumba hii huiwezi.

Kila kitu kiko tayari. Mwanangu amefungua ubao wote, amepiga brashi feni, amefuta ile dawa nyeupe kavu akaweka mpya, tone moja, nami sikusema ongeza. Lile jengo lake limeshachorwa lote, linangoja tu nguvu ya kulitembeza. Mkuu wa ofisi amempa mpaka mwisho wa mwezi na hataki kusikia zaidi. Nilimwuliza usoni, "Utashika?" Akaniambia, "Mama, sijui." Mwanangu huyo, anayejua kila kitu! Mara ya kwanza namsikia akisema hajui, na sijawahi kumwonea fahari kama siku hiyo.

Asubuhi ya siku mtakayokuja atarekebisha saa na kalenda yake, atapakia ule mwendo wa Kaka yake, kisha ataizima, na hakuna atakayeigusa tena. Kidole cha mtu hakitabonyeza kitu. Tutaiacha ijiwashe yenyewe saa kumi.

Sitakudanganya Dada, bado naogopa. Alasiri nikipita pale mlangoni natembea kwa ncha za vidole. Chumba bado kinatazama mlango, hata ikiwa imezimwa. Lakini sasa najua kinamngoja nani, na mtu akijua anayengojewa, hofu inabadilika, inakuwa kama ile ya kukaa na mgonjwa. Jana ilipofika saa yake nimeingia nikakaa, kukiwa giza na kimya, nikasema, "Mwanangu, mama yako yuko njiani." Nikatoka nikafunga mlango.

Dereva wa lori nimeshamwambia, kiti cha mbele ni chako na Shemeji, magunia yatavumilia. Shemeji asiseme ana kazi. Mwambie nimesema mimi, na kwamba asiponijia nitamfuata. Baba Bisibisi ameomba ruhusa kazini, yule mzee wa kibanda naye amesema atakuja na hatakuja kuuza kitu, na jirani yangu, aliyekataa kuingia, ameuliza kama akae nyuma karibu na mlango. Nimemwambia akae popote ila si kwenye njia ya mlango. Njia ya mlango tuiache wazi.

Viti nimeviazima. Fikeni mapema, msije mkafika imeshawaka. Imewaka mara nyingi mno ikakuta chumba kitupu. Safari hii ikute watu.

Ni Jumapili, Dada. Nyote. Jumapili hii.

Mdogo wako,
Mama yao